Eleanor wa Aquitaine: Mrithi Aliyetikisa Falme Mbili

Katika historia ya Ulaya ya Enzi za Kati, ni nadra kumpata mwanamke ambaye urithi wake uliyumbisha mataifa kama Eleanor wa Aquitaine. Utemi wa Aquitaine ulienea kusini-magharibi mwa Ufaransa ya leo, na miji yake mikuu ilikuwa Poitiers na Bordeaux. Ingawa mtemi wake alimtambua mfalme wa Ufaransa kuwa mkuu wake, ardhi yake ilikuwa pana kuliko ile ambayo mfalme mwenyewe aliitawala moja kwa moja.

Eleanor alizaliwa katika nasaba iliyothamini fasihi. Babu yake, Mtemi Guillaume wa Tisa, alitunga mashairi kwa Kioksitani, lugha ya watu wa kusini, katika zama ambazo wasomi waliandika kwa Kilatini. Yeye ndiye malenga wa kwanza wa lugha hiyo, miongoni mwa watunzi wa mapenzi ya kiungwana, ambaye kazi zake zimetufikia.

Mwaka wa 1137, babake Eleanor alifariki akiwa katika safari ya hija nchini Uhispania. Hakuacha mwana wa kiume aliye hai, hivyo utemi wote ukamwangukia binti ambaye hakuwa ametimiza miaka 16. Mwezi Julai mwaka huo aliozwa Louis, mrithi wa kiti cha Ufaransa, ambaye baada ya siku chache tu alirithi kiti hicho na kuwa Mfalme Louis wa Saba. Hata hivyo, Aquitaine haikumezwa na ufalme. Ilibaki kuwa haki ya Eleanor.

Wawili hao walijaliwa mabinti wawili, bila mwana. Isitoshe, uhusiano wao uliharibika walipokuwa katika Vita vya Pili vya Msalaba. Mnamo Machi 1152, ndoa ilibatilishwa kwa hoja kuwa walikuwa na udugu wa damu. Eleanor aliondoka na utemi wake. Majuma manane baadaye, aliolewa na Henry, Mtemi wa Normandy, ambaye mwaka wa 1154 alikuwa Mfalme wa Uingereza. Kwa hatua hiyo, Aquitaine ilihamia upande wa hasimu mkuu wa Louis.

Ndoa hii nayo ilimletea madhila. Mwaka wa 1173 aliwaunga mkono wanawe walipomwasi baba yao. Maasi yalizimwa, naye akawekwa kizuizini hadi Henry alipofariki mwaka wa 1189. Mwanawe Richard alimwachilia huru. Richard naye alipotekwa na Mtemi wa Austria mwaka wa 1192, mama huyu alisimamia ukusanyaji wa fidia iliyowekwa kuwa maki 150,000 za fedha, na mwaka wa 1194 mwanawe akaachiliwa.

Eleanor aliaga dunia mwaka wa 1204 na kuzikwa katika abasia ya Fontevraud. Mwaka huohuo, mwanawe John alipokonywa Normandy na mfalme wa Ufaransa. Sehemu ya urithi wa mama, hata hivyo, ilibaki mikononi mwa wafalme wa Uingereza hadi mwaka wa 1453. Waume wawili walivaa taji; aliyewaletea Aquitaine ni mke.