Mwalimu Nyerere Alipokuwa Mgeni Makerere

Kila Januari bweni letu hapa Shinyanga hupokea vijana kutoka Geita machimboni, na mara nyingi yumo mmoja aliyetoka kumzika baba yake. Habari hii ya Marehemu Mwalimu Julius Nyerere inamhusu huyo.

Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki alifariki Machi 1942, mwanawe Kambarage akiwa mwaka wa mwisho shuleni Tabora. Mwaka 1943 kijana huyo aliingia Makerere, Uganda, ambako Watanganyika walikuwa wachache mno. Hakukaa akingoja kukaribishwa. Mwaka huo huo yeye na wenzake, akiwamo Ndugu Andrew Tibandebage, waliunda chama cha ustawi wa Waafrika wa Tanganyika. Walipotambua kwamba nyumbani kipo tayari Chama cha Waafrika, waliliacha jina lao wakafungua tawi la chama hicho pale chuoni. (Wangapi kati yetu tungekubali kulifuta jina tulilolibuni wenyewe?)

Desemba alibatizwa Nyegina, karibu na Musoma, akaitwa Julius. Mwaka 1945 alihitimu ualimu, akarudi kufundisha St. Mary's, Tabora, mji ule ule alikokuwa akisoma baba yake alipofariki.