HARRY THUKU: KARANI ALIYEWASEMEA WENGINE

Wenzangu tuliosoma hapa, nanyi vijana mlio madarasani leo, nimeombwa niandike juu ya mtu mashuhuri. Nimemchagua marehemu Harry Thuku, kwa kuwa alikuwa mtumishi wa serikali kama mimi.

Alizaliwa mwaka 1895 huko Kambui, Kiambu. Alisoma shule ya misheni, akapanga herufi katika kiwanda cha gazeti, kisha akawa karani wa simu katika Hazina ya serikali, Nairobi. Siku hizo kazi kama hiyo ilikuwa neema kubwa kwa Mwafrika.

Lakini nje ya ofisi watu walikuwa taabuni. Wanaume walifungwa kipande shingoni, kodi ya nyumba ilifika shilingi 16, na mwaka 1921 walowezi wakaazimia kupunguza mishahara ya vibarua kwa theluthi moja. Mwaka huo Thuku alianzisha chama cha vijana wa Kikuyu, na punde kikawa East African Association ili watu wa kila kabila wapate kuingia. Alihutubia mikutano mijini na vijijini, na kazi ya serikali ikamtoka.

Tarehe 14 Machi 1922 alikamatwa. Siku mbili baadaye maelfu walikuwa mbele ya kituo cha polisi wakidai aachiliwe. Wanaume walipoanza kutawanyika, Muthoni Nyanjiru aliwatia haya, umati ukasonga mbele. Risasi zikalia. Muthoni alikuwa miongoni mwa waliouawa. Serikali ilihesabu maiti 21. Wengine husema walikuwa wengi zaidi. Thuku alipelekwa uhamishoni Kismayu bila kuhukumiwa mahakamani, akakaa kifungoni karibu miaka tisa.

Aliporudi, siasa zake zilikuwa za upole. Aliongoza Kikuyu Central Association mwaka 1932, akatengana na wenzake, na wakati wa Mau Mau aliwapinga wapiganaji. Alifariki mwaka 1970, akiwa mkulima wa kahawa. Wako wasiomsamehe, nami siwalaumu.

Hata hivyo, wahenga walisema aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Thuku alikuwa ameshiba, na akamjua. Vijana, kesho wengi wenu mtakuwa na meza na mshahara. Msisahau kutazama nje ya dirisha.