Dirac, mhandisi aliyekosa kazi

Kila mwaka masomo yanapoanza vyuoni, hoja moja huzuka upya miongoni mwa wanafunzi wa uhandisi, na baadhi ya wahadhiri wao huiunga mkono chini kwa chini. Hoja yenyewe ni hii: mtu anayesomea mitambo ya umeme, mawasiliano na kompyuta ana haja gani na mekanika ya kwanta? Si heri wanafizikia wabaki na elektroni zao, naye mhandisi aachiwe nyaya zake?

Mimi ni mwanaisimu, na yamkini msomaji atajiuliza ni upepo gani ulionileta katika ugomvi wa jirani. Nilivutwa na maisha ya mtu mmoja aliyekuwa mchoyo wa maneno kuliko wenzake wote, kisha akaipa taaluma yake lugha inayoitumia hadi leo. Mtu huyo ni Paul Adrien Maurice Dirac. Sidhani kama wanafunzi wanaolalamika wanajua kwamba shahada yake ya kwanza ilikuwa ya uhandisi wa umeme.

Dirac alizaliwa tarehe 8 Agosti, 1902, katika mji wa Bristol, Uingereza. Babake, Charles, alikuwa Mswisi aliyehamia huko akawa mwalimu wa Kifaransa. Mamake, Florence, alikuwa Mwingereza aliyewahi kufanya kazi maktabani. Watoto walikuwa watatu: Felix, Paul na binti mmoja, Betty. Kwa masimulizi ya Dirac mwenyewe alipokuwa mtu mzima, baba alishikilia kwamba wakati wa chakula mwanawe huyu azungumze naye kwa Kifaransa tu, tena Kifaransa kisicho na kosa. Mama na watoto wale wengine walikula jikoni. Paul na babake wakakaa peke yao katika chumba cha kulia. Mtoto alipoona hawezi kuyaeleza aliyotaka katika lugha ile, alichagua kunyamaza. Ukimya huo haukumtoka tena maishani.

Sisi tunaofundisha lugha inatupasa kukisoma kisa hiki polepole. Hapa kwetu wamo watu wazima wengi waliovishwa kibao shingoni kwa kusema lugha ya mama shuleni, nao hawahitaji kuelezwa jinsi ulimi wa mtoto unavyoweza kufungwa kwa jina la kumfunza.

Baba ndiye aliyeamua pia njia ya masomo. Felix, kifungua mimba, alitamani udaktari wa tiba. Baba akamwelekeza kwenye uhandisi. Paul alimfuata kakake bila kupinga, na mwaka 1918, akiwa na umri wa miaka 16, akaingia Chuo Kikuu cha Bristol kusomea uhandisi wa umeme. Alihitimu mwaka 1921 kwa daraja la kwanza. Akawa na cheti kizuri mkononi, lakini Uingereza ilikuwa imo katika mdororo wa uchumi uliofuata Vita Vikuu vya Kwanza, na kazi hakuipata. Alipata ufadhili wa kwenda Cambridge, lakini fedha zile hazikutosha kumweka huko. Basi mhandisi wetu akarudi nyumbani kwa wazazi, bila ajira.

Walimu wa hisabati wa Bristol ndio waliomwokoa, kwa kumruhusu asome pale miaka miwili pasipo kulipa karo. Mwaka 1923, akiwa sasa na shahada ya pili ya kwanza, ikiwa msomaji ataniruhusu kusema hivyo, alipata ruzuku ya kutosha, akaenda Cambridge kuwa mwanafunzi wa utafiti chini ya Ralph Fowler. Tulikumbuke jina hilo la Fowler, maana nitalirudia.

Wako wanaoisimulia miaka ile mitatu ya uhandisi kana kwamba ilipotea bure. Dirac mwenyewe hakuona hivyo. Alieleza mara kadhaa baadaye kwamba kabla ya kusomea uhandisi aliamini kuwa ni milinganyo iliyo sahihi kabisa tu ndiyo inayostahili heshima. Uhandisi ulimfunza kwamba makadirio nayo yana haki yake, kwamba mtu anaweza kujenga jambo imara, hata zuri, juu ya hesabu ambayo haijakamilika, almuradi ajue amekadiria wapi. Akiwa angali mwanafunzi huyo wa uhandisi, mwishoni mwa mwaka 1919, habari za nadharia ya uhusianifu ya Einstein zilienea Uingereza nzima, na hapo akatambua kwamba hata kanuni za Newton ni makadirio. Mtu aliyefunzwa hivyo hangeogopa fizikia iliyokuwa ikivunjika na kujengwa upya.

Mwaka 1925 ulimjia na msiba kwanza. Felix alijitoa uhai mwezi Machi. Sitadai kwamba uhandisi ndio uliomwua. Sababu za jambo kama hilo hazijulikani na jirani, sikwambii mtu wa mbali kama mimi. Ila najua wazazi wengi hapa nchini wanaowachagulia wana wao kozi kwa kutazama mshahara, na huwa natamani wangesoma habari za ndugu hawa wawili kwa pamoja. Kozi ileile, baba yuleyule, nyumba ileile.

Miezi michache baadaye, Agosti, Fowler alipokea makala ambayo haijachapishwa ya Werner Heisenberg, Mjerumani wa miaka 23, akampelekea Dirac aliyekuwa Bristol likizoni. Mwanzoni Dirac hakuona la ajabu. Aliporudia kuisoma aligundua kwamba kiini cha jambo kimo mle ambamo Heisenberg mwenyewe alikuwa akionea aibu. Katika hesabu tulizokaririshwa utotoni, tatu mara tano na tano mara tatu ni mamoja. Katika hesabu za Heisenberg sivyo: ukitanguliza hiki jibu ni hili, ukitanguliza kile jibu ni jingine. Mwenye kuijua lugha haoni muujiza hapo. Simba amemla mbuzi, mbuzi amemla simba: maneno ni yaleyale matatu, ila mbuzi anajua tofauti. Kwa elektroni, mahali ilipo na mwendo wake ni vitu vya namna hiyo; mpangilio wao katika hesabu haubadilishwi ovyo.

Jumapili moja ya Oktoba, akiwa katika matembezi nje ya mji, Dirac alikumbuka kitu alichowahi kukisoma juujuu, kiitwacho mabano ya Poisson, kanuni ya zamani ya kueleza mwendo wa vitu vya kawaida. Akashuku kwamba tofauti ile ya kutanguliza na kuchelewesha inalingana na mabano hayo. Alirudi haraka, akapekua daftari na vitabu vyake, hakuyaona. Maktaba zilikuwa zimefungwa kwa kuwa ni Jumapili. Akalala na dukuduku lake, na Jumatatu asubuhi, maktaba ilipofunguliwa, akathibitisha kwamba dhana yake ilikuwa sahihi. Mwaka 1926 aliwasilisha tasnifu yake ya uzamifu, ya kwanza kuandikwa na yeyote juu ya mekanika ya kwanta, na mwaka huohuo akaanza kuifundisha Cambridge. Hiyo ndiyo kozi ya kwanza ya somo hilo kutolewa katika chuo kikuu cha Uingereza, na mwalimu wake alikuwa mhandisi ambaye hakuwa ametimiza miaka 24.

Kutoka hapo kazi zake zilifuatana kama mvua ya masika. Mwaka huo wa 1926 alieleza jinsi elektroni nyingi zinavyogawana viwango vya nishati zikiwa pamoja. Mwitaliano Enrico Fermi alikuwa amemtangulia kwa miezi michache, na Dirac alikiri hivyo bila kinyongo; miaka mingi baadaye ndiye aliyebuni jina la fermioni kwa chembe za aina hiyo, kwa heshima ya mwenzake. Pasipo kanuni hiyo ya Fermi na Dirac, hakuna mhandisi anayeweza kukokotoa kinachotokea ndani ya kipande cha silikoni.

Kisha, mwaka 1927, akaleta kitu kilichowaudhi wanahisabati. Ni kipimo ambacho thamani yake ni sifuri kila mahali isipokuwa kwenye nukta moja. Kwenye nukta hiyo hakina ukomo, na hata hivyo jumla yake yote ni moja. Wataalamu makini, akiwemo John von Neumann, hawakutaka kukisikia. Dirac alikiita delta, akaendelea na kazi. Baadaye alieleza kwamba wazo hilo huenda lilitokana na masomo yake ya uhandisi. Anayekokotoa uimara wa boriti hukutana na mzigo uliotandazwa juu ya boriti nzima, na hukutana pia na mzigo uliosimama juu ya nukta moja, nao wote wawili sharti waingie katika hesabu moja. Fundi wa umeme naye anaujua mpigo wa ghafla unaopita wayani na kutoweka. Wanahisabati walihitaji hadi miaka ya 1940, alipokuja Mfaransa Laurent Schwartz, kukijengea kitu hicho msingi unaowaridhisha.

Hapa ndipo ninapowalaumu wahadhiri wenzangu wa upande wa pili. Somo la kwanta hufundishwa wahandisi kana kwamba ni mgeni aliyeshuka kutoka ng'ambo, ilhali mlango mmojawapo alioingilia ni karakana yao wenyewe. Mwanafunzi anayejua boriti na mpigo wa umeme amekwisha kukutana na delta ya Dirac. Anachohitaji ni mtu wa kumwambia hivyo siku ya kwanza. Ama yule anayeuliza faida, na auangalie mfuko wake. Katika kumbukumbu ya simu, taarifa huhifadhiwa kwa kuzipenyeza elektroni katika ukuta mwembamba ambao kwa kanuni za Newton zisingeweza kuupita. Hesabu ya upenyezi huo wahandisi wanaipata katika kazi ya mwaka 1928 ya Lothar Nordheim na Fowler, ndiye yule mwalimu wa Dirac.

Mwaka huo wa 1928 ndio pia wa mlinganyo uliompa Dirac umaarufu mkubwa kuliko wote. Alitaka kuieleza elektroni kwa namna inayopatana na Einstein, na alipofaulu akakuta mlinganyo unatoa zaidi ya alichouomba. Uzungukaji wa elektroni, ambao wengine walikuwa wameubandika kwa nguvu, ulitoka wenyewe ndani ya hesabu. Ila zilitoka pia nishati hasi ambazo hakuna aliyejua za nini. Mwaka 1931, baada ya kusitasita, alitamka kwamba lazima iwepo chembe iliyo pacha wa elektroni lakini yenye chaji chanya. Mwaka 1932 Mmarekani Carl Anderson aliiona, ikaitwa positroni. Leo zimo hospitali, Nairobi ikiwemo, zinazotafuta saratani mwilini kwa mashine zinazotegemea positroni hizo.

Kitabu chake juu ya misingi ya mekanika ya kwanta kilitoka mwaka 1930, akakirekebisha hadi toleo la nne la 1958. Toleo la 1947 ndilo linalomfurahisha mwanaisimu, maana humo mna alama alizozianzisha mwaka 1939. Alilichukua neno la Kiingereza lenye maana ya mabano, bracket, akalikata vipande viwili, bra na ket, kila kipande kikawa jina la nusu ya alama. Wanafunzi Waingereza bado hucheka, kwa sababu bra kwao ni sidiria. Laiti angekuwa Mswahili, mabano angeyakata wapi? Nadhani angetenga kiambishi na mzizi, na sisi tungekuwa na ma na bano, tukaendelea na kazi bila kicheko.

Darasani alisoma karibu kama kitabu kilivyoandikwa, kwa kuwa aliona amekwisha kuchagua maneno yanayofaa zaidi. Inasimuliwa kwamba msikilizaji mmoja alisema hakuuelewa mlinganyo fulani ubaoni, Dirac akanyamaza, na alipohimizwa kujibu akaeleza kwamba hakusikia swali, alisikia tamko. Wenzake wa Cambridge walibuni kipimo cha mzaha walichokiita dirac: neno moja kwa saa. Simpendekezi kama kielelezo cha ualimu. Mwanafunzi anayetamka kwamba haelewi ameuliza swali, hata kama sarufi inakana.

Mwaka 1932 alipewa kiti cha uprofesa alichowahi kukikalia Newton. Mwaka 1933, akiwa na miaka 31, alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Erwin Schrödinger. Alifikiria kuikataa kwa kuogopa magazeti, hadi Ernest Rutherford alipomtanabahisha kwamba kukataa kungeyaita magazeti zaidi. Alikwenda Stockholm na mamake. Babake hakualikwa.

Mhandisi hakuwahi kufa ndani yake. Katika miaka hiyohiyo ya 1930 alijitia maabarani kujaribu njia ya kutenganisha isotopu kwa mkondo wa gesi unaopindwa ghafla, na wakati wa Vita Vikuu vya Pili alikokotoa uwezo wa juu kabisa wa mashine za kutenganisha gesi kwa kuizungusha kwa kasi. Mashine za namna hiyo ndizo zinazorutubisha urani sasa, na wahandisi wake bado huanza na hesabu yake.

Mwaka 1937 alimwoa Margit, dadake mwanafizikia Eugene Wigner, mwanamke msemaji aliyeujaza ukimya wa nyumba ile. Baada ya kustaafu Cambridge mwaka 1969 walihamia Florida, Marekani, akafundisha katika chuo kikuu cha jimbo hilo mjini Tallahassee. Alifariki huko tarehe 20 Oktoba, 1984, akazikwa hukohuko. Mnamo Novemba 1995 Waingereza walimwekea jiwe la ukumbusho katika kanisa la Westminster jijini London, karibu na kaburi la Newton. Maneno yaliyochongwa juu yake ni machache mno. Lipo jina, ipo miaka, na upo ule mlinganyo wa 1928.