Wasifu wa Mfano: Dian Fossey, Mlinzi wa Sokwe wa Milimani

Mtahiniwa, ukiandika wasifu usimpambe mhusika kwa sifa tupu. Eleza alichotenda, hata alipokosea. Soma mfano huu.

Dian Fossey alizaliwa San Francisco, Marekani, mwaka wa 1932. Alikuwa akiwahudumia watoto wenye ulemavu hospitalini. Mwaka wa 1963 alikopa pesa, akazuru Afrika. Huko Olduvai alikutana na mtafiti Louis Leakey, ambaye baadaye alimteua kuwachunguza sokwe wa milimani.

Alianza kazi nchini Kongo mapema mwaka wa 1967, lakini machafuko yakamfurusha. Septemba mwaka huo alipiga kambi Rwanda, kati ya milima ya Karisimbi na Visoke. Akayaunganisha majina hayo, akaiita kambi Karisoke. Katika baridi na ukungu, aliwazoesha sokwe kwa kuiga sauti zao, kujikuna na kutafuna majani kama wao. Alimtambua kila mmoja kwa mikunjo ya pua yake. Akathibitisha kwamba si wanyama wakali bali ni wapole wanaoishi kifamilia.

Hata hivyo, msitu ulikuwa ukifyekwa ili pareto ipandwe, na mitego iliyotegewa pongo na funo iliwanasa sokwe pia. Mwishoni mwa 1977 majangili walimuua Digit, sokwe aliyempenda sana. Fossey alianzisha hazina ya kuwalipa askari wa doria.

Sasa zingatia upande wa pili. Fossey aliwaadhibu majangili kwa ukali, akafukuza ng'ombe wa wafugaji na kuupinga utalii. Majirani wengi walimwona adui. Tarehe 26 Desemba 1985 aliuawa kibandani mwake. Alizikwa Karisoke, kando ya makaburi ya sokwe wake.

Miaka ya mwanzo ya 1980 sokwe wa milima ya Virunga walikuwa takriban 250. Hesabu ya 2015 na 2016 ilipata 604. Doria alizozianzisha zimeendelea, lakini utalii alioupinga nao umesaidia, kwani sehemu ya mapato huwafikia wanavijiji.

Je, msitu unaweza kulindwa bila kumjali jirani anayeutegemea? Lijibu swali hilo katika aya yako ya mwisho, ukitoa ushahidi kutoka maisha ya Fossey.