Tafakuri ya Ramadhani: Sheikh Al-Amin na daftari la binti yako

Ndugu zangu wa Mbeya, na nyinyi mnaotusoma kutoka Iringa, Njombe na Tunduma, natumai mmekula daku na baridi ya alfajiri hii haikuwashinda. Leo sitafsiri aya. Nataka ukae na mtu mmoja dakika chache kabla hujaenda sokoni au shambani.

Mtu huyo ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, wa Mombasa. Wengi wetu tunalijua jina kwa sababu ya mwanawe, Profesa Ali Mazrui. Mzee mwenyewe tunampita tu.

Alizaliwa mwaka 1891. Mwaka huohuo, huku kwetu, wamisionari wa Moraviani walikuwa wanaanzisha kituo chao Rungwe, na shule zikafuata. Nautaja mwaka huo makusudi, ili ujue safari ya elimu ya huku na ya kule ilianzia wapi.

Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka minne hivi. Akalelewa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, mwanachuoni mkubwa aliyekuwa kadhi. Kwa hiyo unapomwona yatima madrasani kwetu amekaa nyuma na juzuu iliyochanika, usimhesabu kuwa basi tena. Huyu naye alianza hivyo. Baadaye alivuka kwenda Unguja kusoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumeyt na Sheikh Abdallah Bakathir, kisha akarudi Mombasa kusomesha.

Angeweza kuishia hapo, jamani. Darsa, wanafunzi, heshima, mikono kubusiwa. Maimamu wengi tunaishia hapo, na mimi najihesabu humo.

Ila yeye alitazama nje ya msikiti. Serikali ya kikoloni iligawa shule kwa rangi: za Wazungu peke yao, za Wahindi, za Waarabu, za Waafrika. Fedha nazo zilifuata rangi hiyohiyo. Upande wa pili, wazazi wa Kiislamu waliogopa shule za misheni zisije zikawabadili watoto dini, na shule ya serikali waliiona haina Qur'ani. Basi mtoto anabaki nyumbani. Wenzake wanakuwa makarani na walimu, yeye anabeba mizigo bandarini.

Sheikh aliwasema wote wawili. Serikali aliitaka iweke dini na Kiarabu katika shule, ili mzazi asilazimike kuchagua kati ya imani na elimu. Wazazi nao aliwaambia waache visingizio, kwa kuwa Waislamu wa zamani walisoma tiba, hesabu na nyota bila kupoteza dini, na kilichotuangusha ni kuiacha elimu, siyo Uislamu. Alikuwa akifuatilia maandishi ya wanamageuzi wa Misri, Muhammad Abduh na Rashid Rida, lakini aliyaleta kwa Kiswahili cha watu wake.

Mwaka 1930, akiwa na miaka 39, alianzisha gazeti dogo akaliita Sahifa, yaani ukurasa. Mwaka 1932 likafuata Al-Islah, kwa Kiarabu na Kiswahili. Humo hakumwonea haya mtu. Alikemea harusi na matanga ya kukopea, alikemea kuiga Wazungu mavazi huku tukiacha bidii yao ya kazi. Na aliandika kwamba wanawake wasomeshwe. Fikiria, miaka ya thelathini! Wapo waliomchukia kwa hayo, hasa alipogusa mila ambazo watu walishazifanya dini. Baadhi ya makala hizo zilikusanywa kwenye kitabu Uwongozi, 1944.

Mwaka 1932 akawa Kadhi wa Mombasa, na 1937 Kadhi Mkuu wa Kenya. Mwalimu akakalia kiti cha hukumu, mbele yake ndoa, talaka na mirathi za watu. Hakuacha kusomesha. Kati ya waliosoma kwake ni Sheikh Muhammad Kasim Mazrui na Sheikh Abdullah Saleh Farsy, ambao wote nao walikuja kuwa Makadhi Wakuu. Ile tafsiri ya Farsy iliyopo kwenye rafu yako ina jasho la mzee huyu ndani yake.

Alifariki 1947. Ali alikuwa na miaka 14, na baba alikuwa na nia ya kumpeleka Al-Azhar. Haikuwa. Mtoto akafanya mtihani wa sekondari akapata daraja la tatu (mwenye kijana wa divisheni ya tatu asome hapo mara mbili), akafanya kazi ya ukarani, ndipo njia ikafunguka hadi akawa profesa Makerere.

Sasa niseme langu. Miaka kadhaa nyuma mzazi mmoja alinijia baada ya Ijumaa. Binti yake amefaulu darasa la saba, yeye anaona madrasa inamtosha, na posa ipo. Alitaka tu nimkubalie. Mimi nina stashahada ya ualimu, nilijua la kumjibu. Nikamwambia Mungu atie kheri. Nilichoogopa ni kuambiwa imamu anatetea shule za dunia. Binti yule namwona sokoni Mwanjelwa, ana watoto watatu, akinipa salamu huwa naangalia chini. Sheikh Al-Amin aliyasema hadharani, kwa jina lake, wakati nchi inatawaliwa na mkoloni. Mimi nilishindwa kuyasema kibarazani kwa mtu mmoja!

Basi leo baada ya tarawehe sitaondoka. Nitakaa pale kwenye ngazi na daftari. Mwenye binti aliyefaulu hajaripoti kidato cha kwanza, au aliyeacha njiani, aje aandikishe jina. Kama ni sare, madaftari au nauli, mwenye uwezo naye aje, hata akileta bei ya kanzu moja ya Idi. Na yule mzee wa siku ile, kama unasoma hapa, njoo tu. Mdogo wake yupo darasa la sita, nimeshauliza.