René Descartes na Herufi ya x

Mwaka wa 1596 alizaliwa katika nchi ya Ufaransa mtoto aliyeitwa René Descartes. Alikuwa dhaifu, na mama yake alifariki mtoto akiwa hajatimiza miaka miwili. Alipopelekwa shule ya mapadre Wayesuiti huko La Flèche, walimu walimhurumia, wakamruhusu kubaki kitandani asubuhi wenzake walipoamka. Basi akazoea kulala macho akiwaza, na desturi hiyo hakuiacha hata alipokuwa mtu mzima.

Baada ya kuwa askari, alikaa Uholanzi miaka kama 20. Huko, mwaka wa 1637, alitoa kitabu kilichoonyesha ya kuwa mstari waweza kuandikwa kwa aljebra. Namba zijulikanazo aliziita a, b, c. Zile zitafutwazo, x, y, z. Mwanafunzi wa Nshambya aandikapo y = 2x, akampa x thamani ya 1, kisha 2, kisha 3, hupata y kuwa 2, 4 na 6. Akitia nukta hizo tatu katika karatasi ya miraba (nayo ni kazi ya wataalamu waliokuja baadaye), mstari mmoja ulionyoka huzipitia zote.

Mwaka wa 1649 Malkia Christina wa Sweden alimwita Stockholm amfundishe. Malkia alitaka masomo saa kumi na moja alfajiri, katikati ya baridi kali. Descartes akaamka, akaenda. Punde akashikwa na homa ya mapafu, akafa tarehe 11 Februari, 1650.