James Parkinson, Tabibu wa Hoxton

Babu yangu mzaa mama hutetemeka mkono wa kulia ukiwa umetulia mapajani, na akishika kikombe tetemeko hupungua. Jirani wengine walisema amerogwa. Likizo iliyopita nilimsindikiza hospitali, na daktari akautaja ugonjwa ule kwa jina la mtu. Nikataka kumjua mtu huyo.

James Parkinson alizaliwa tarehe 11 Aprili, 1755, huko Hoxton, London, katika nchi ya Uingereza. Baba yake alikuwa tabibu, na mwana akaifuata kazi hiyo hiyo papo hapo Hoxton. Alipenda pia mawe yenye mabaki ya viumbe wa kale, hata mwaka wa 1807 akawa mmoja wa walioanzisha Chama cha Jiolojia cha London. Picha yake haipatikani. Alikufa kabla kamera hazijaenea duniani, kwa hiyo ukionyeshwa picha ya kamera ukaambiwa ndiye, usikubali.

Wala hakuwa mtu wa kunyamaza. Kwa jina la kubuni la Old Hubert aliandika vijitabu vya kuwatetea maskini. Mwezi wa Oktoba, 1794, aliitwa mbele ya Baraza la Mfalme, kwa sababu baadhi ya wenzake chamani walituhumiwa kutaka kumwua Mfalme George wa Tatu kwa mshale wa sumu. Mimi nadhani mshale ule ulikuwa uzushi wa wachongezi, kwani hapana aliyepatikana na hatia. Lakini Parkinson alikuwa na mke na watoto, na hata hivyo alikiri kwamba aliandika vijitabu vya chama.

Mwaka wa 1817, akiwa na miaka 62, alitoa kitabu chembamba juu ya ugonjwa wa kutetemeka. Alieleza wagonjwa 6 tu, na baadhi yao alikutana nao njiani. Aliandika kwamba mkono hutetemeka ukipumzika, mwili huinama mbele, na hatua huwa fupi za harakaharaka, kama mtu anayekimbia asianguke. Niliposoma hayo nilimwona babu. Hakupata kuchunguza ubongo wa maiti, akadhani shina la ugonjwa liko kwenye uti wa mgongo, shingoni. Hapo alikosea, lakini alikuwa amewaomba wengine wachunguze zaidi. Alifariki tarehe 21 Desemba, 1824, na ni daktari Mfaransa, Charcot, aliyeupa ugonjwa jina lake baadaye.

Waliochunguza waligundua kwamba hufa seli za sehemu moja nyeusi ndani ya ubongo, zitengenezazo dopamini, ambayo mwili huihitaji ili uende vizuri. Je, huuawa na nini? Mwaka wa 1982, huko California, vijana kadhaa waliojidunga dawa ya kulevya waliganda ghafula kama wazee wenye ugonjwa huu. Dawa ile ilikuwa na sumu iitwayo MPTP. Ubongoni sumu hii hugeuka kuwa nyingine, nayo huingia katika seli hizo kwa mlango uleule zinaotumia kuvutia dopamini. Ikisha kuingia huvamia mitokondria, ambazo ni majiko ya seli, na kuziba hatua ya kwanza ya kazi ya kutengeneza nguvu. Basi seli hufa kwa njaa na chakula kimo ndani.

Jambo lililonishtua ni hili. Rotenone, sumu iliyomo katika utupa, mmea ambao watu husaga na kuutia majini ili kulevya samaki, huziba mahali hapo hapo. Mwaka wa 2000 wataalamu wa Marekani walitangaza kwamba panya waliopewa sumu hiyo kidogo kidogo walipata dalili kama za Parkinson. Sisemi utupa ndio uliompata babu. Wagonjwa walio wengi hawajulikani walipatwa na nini. Ila mimi mwenyewe nimewahi kuutwanga kwa mikono mitupu.

Siku hizi babu hunywa vidonge kutwa mara tatu, na hufunga vifungo vya shati mwenyewe. Nilipomsimulia habari hizi aliniuliza kama yule Mzungu naye alikuwa akitetemeka. Nikamwambia kwamba hapana, alikuwa akitazama tu watu wapitao barabarani.